Damu haina dalili, titi lina saratani: tuamini majibu yapi?

SWALI

Mheshimiwa Daktari,

Nakuandikia tukiwa katikati ya mabishano ya kifamilia yanayoninyima usingizi. Dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 48 na ambaye bado anapata hedhi, aligundua uvimbe kwenye titi lake la kushoto. Hospitalini alipigwa picha, akachomwa sindano ya kuchukua kinyama, na maabara ikathibitisha kuwa ni saratani. Uvimbe una sentimita 2.6, na tezi za kwapani hazionekani kuathirika. Ripoti inasema vipokezi vya estrojeni vipo kwa asilimia 90, vya projesteroni kwa asilimia 60, Ki-67 ni asilimia 25, na HER2, protini inayoweza kuichochea saratani kukua, ni 2+, yaani jibu lisiloamua. Daktari wake ametuomba tusubiri kinyama hicho kipimwe tena kwa kipimo kinachoitwa FISH kabla matibabu hayajapangwa.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Kaka yetu mkubwa alitupeleka mimi na dada kwenye maabara ya binafsi inayouza vipimo vya damu vya saratani kwa mkupuo. Majibu ya dada, CA 15-3 na CEA, yote yalikuwa ya kawaida, na sasa kaka anashikilia kwamba damu ingekuwa chafu kama saratani ingekuwapo, hivyo sindano ilikosea na upasuaji usubiri. Mdogo wetu anasema kinyume kabisa: kusubiri kipimo kingine ni kupoteza muda, tibakemikali ianze mara moja.

Mimi nina miaka 36 na sina maradhi yoyote ninayoyahisi. Lakini CA 125 yangu, kipimo cha damu kinachohusishwa na saratani ya ovari, ilikuwa yuniti 52, ilhali karatasi inasema isizidi 35. Siku niliyotolewa damu nilikuwa kwenye hedhi, na wakati wa ujauzito wangu wa mwisho niliambiwa nina uvimbe usio wa saratani kwenye mfuko wa uzazi. Kinachonitisha ni kwamba mama yetu mdogo, upande wa mama, alifariki kwa saratani ya ovari akiwa na miaka 51. Nimefika mahali pa kutaka kuomba ovari zangu zitolewe ili niishi kwa amani.

Tafadhali tusaidie. Je, tuamini damu au kinyama? Je, tunaweza kusubiri? Na mimi nifanye nini na hiyo 52?

Mdogo wa mgonjwa


JIBU

Dada yangu mpendwa,

Poleni sana. Nitajibu kwanza lile ambalo halipaswi kusubiri hata siku moja: saratani ya dada yako ipo, na jibu la damu halina uwezo wa kuifuta. Kinyama kilichotolewa ndani ya uvimbe kikaonekana kwa hadubini kuwa ni saratani ndicho ushahidi wa ugonjwa wenyewe. CA 15-3 ni protini inayomwagwa kwenye damu na chembe za saratani ya titi, lakini kiasi chake hupanda zaidi pale ugonjwa unapokuwa mwingi mwilini au umeshasambaa kwenye mifupa, ini au mapafu. Kwa mwanamke mwenye uvimbe mdogo ulio ndani ya titi tu, mara nyingi protini hiyo hubaki katika kiwango cha kawaida. CEA nayo, protini nyingine ya damu iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1965 katika uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana, hupanda hata kwa mvutaji wa sigara asiye na saratani yoyote. Ndiyo maana vipimo hivi havitumiki kugundua saratani ya titi wala kuikanusha. Kazi yake kubwa ni kumfuatilia mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshasambaa, ili kusaidia kuona kama dawa inafanya kazi. Kaka yenu amefanya alichofanya kwa upendo, na sina shaka na hilo, ila majibu aliyoyashika mkononi ni ya swali ambalo halikuwa la dada yako.

Majibu yanayomhusu dada yako ni yale yaliyosomwa kwenye kinyama chenyewe, nayo yanasema mengi. Tuanze na vipokezi vya homoni. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Uskoti, George Beatson, alichapisha taarifa za wanawake wenye saratani ya titi iliyokwisha kuenea, ambao uvimbe wao ulinywea baada ya kuondolewa ovari. Kwa wengine upasuaji huohuo haukusaidia kitu, na kwa miongo mingi hakuna aliyeweza kutabiri nani angepona na nani angekatwa bure. Baadaye ilifahamika kwamba baadhi ya saratani za titi zina vipokezi vinavyodaka estrojeni na kuitumia kukua, na nyingine hazina. Leo kipimo hicho hufanywa kwa kila saratani ya titi, na saratani huhesabiwa kuwa na vipokezi hata kama ni asilimia 1 tu ya chembe zake zilizovionyesha. Dada yako ana asilimia 90. Kwa wanawake wenye vipokezi, kutumia tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni isishike vipokezi hivyo, kwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza, wakati kwa wasio na vipokezi dawa hiyo haina faida. Kwa hiyo, kabla hata ya kipimo cha FISH kurudi, mnajua tayari kwamba tiba ya homoni itakuwa sehemu ya matibabu yake, na itaendelea kwa miaka. Hizo ni habari njema, na nasikitika kwamba katika mabishano yenu hakuna aliyemwambia.

Ki-67 huonyesha ni chembe ngapi ziko katika hatua za kugawanyika. Asilimia 25 haiko juu sana wala chini sana, na maabara mbili zinaweza kuihesabu tofauti. Isiwaumize kichwa, daktari ataitazama pamoja na mambo mengine.

Sasa HER2, kiini cha mgogoro wenu kuhusu kusubiri. Nieleze kinachotendeka maabara, kwa sababu naamini mkikiona mtaacha kuudhika na kusubiri. Kinyama hulowekwa kwenye formalini, dawa ya maji inayokihifadhi, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa tabaka jembamba mno linalolazwa juu ya kioo na kupakwa rangi inayong'ang'ania protini ya HER2 peke yake. Mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma vinyama kwa hadubini, anapochungulia, chembe yenye protini nyingi huonekana imezungushiwa mstari wa kahawia uliokolea, mzima, usiokatika. Zikiwa nyingi pamoja huonekana kama wavu. Hiyo ndiyo 3+, na haihitaji mjadala. Pasipo na rangi, au pakiwa na rangi hafifu iliyokatikakatika, huandikwa 0 au 1+. Katikati kuna chembe zilizozungukwa na mstari mzima lakini uliofifia, kiasi kwamba jicho la mtaalamu, hata awe mzoefu namna gani, haliwezi kusema kwa haki kama protini imezidi au la. Hiyo ndiyo 2+ ya dada yako. Mtu mwadilifu akifika hapo hakisii. Huhamia kwenye kuhesabu jeni zenyewe. Kwenye FISH kinyama huwekewa vinasaba vilivyotiwa rangi zinazong'aa gizani, na ndani ya kila kiini cha chembe huonekana nukta: rangi moja kwa jeni ya HER2, rangi nyingine kwa kitovu cha kromosomu ya 17 inayobeba jeni hiyo. Chembe ya kawaida ina nakala mbili za jeni. Nukta za jeni zikiwa nyingi kuliko za kromosomu, kwa uwiano wa 2 au zaidi, na wastani wa nakala kwa kila chembe ukifika 4 au zaidi, jibu ni chanya bila utata.

Kwa nini tofauti hiyo ya nukta inastahili kusubiriwa? Kwa sababu inabadilisha karibu kila kitu kinachofuata. Dennis Slamon na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba saratani za titi zenye nakala nyingi za jeni hii huwa kali zaidi. Ujuzi huo ulizaa trastuzumabu, dawa inayoshika protini ya HER2 moja kwa moja, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa uliosambaa. Mwaka 2005 majaribio makubwa yakaonyesha kwamba ikiongezwa kwenye matibabu ya saratani ambayo haijasambaa, hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Dawa hii hutolewa kwa kawaida kwa mwaka mmoja, na moyo hupimwa kila baada ya miezi michache kwa kuwa inaweza kuudhoofisha. Kumpa mtu asiye na HER2 ni kumbebesha hatari ya moyo bila faida. Kumnyima mwenye nayo ni kumnyima dawa muhimu kuliko nyingi alizo nazo.

Tena si dawa tu inayobadilika, bali hata mpangilio wa tiba. Uvimbe wa zaidi ya sentimita 2 wenye HER2 chanya mara nyingi hutibiwa kwa tibakemikali pamoja na dawa za HER2 kabla ya upasuaji, ili ionekane kama unayeyuka, na kilichobaki wakati wa upasuaji ndicho huamua dawa za baadaye. Jibu likiwa hasi, huenda upasuaji ukatangulia. Na hapo linazuka swali jingine, kama tibakemikali inahitajika kabisa. Kwa saratani yenye vipokezi vya homoni, isiyo na HER2 na isiyofika kwenye tezi, kuna kipimo cha jeni 21 kinachofanywa kwenye kinyama hichohicho na kutoa alama ya uwezekano wa ugonjwa kurudi. Jaribio la TAILORx, lililotangaza matokeo mwaka 2018, lilionyesha kwamba wanawake wengi wenye alama za kati hawakupata faida ya ziada kwa kuongezewa tibakemikali juu ya tiba ya homoni, ingawa kwa walio chini ya miaka 50 faida fulani ilionekana kwa wenye alama za juu zaidi katika kundi hilo. Dada yako ana miaka 48, kwa hiyo daktari atalipima jambo hili kwa uangalifu. Mdogo wenu anayetaka tibakemikali ianze kesho anataka, bila kujua, dada yenu aanze safari ambayo huenda haimhusu, au aianze bila dawa ambayo ingeibeba.

Kuhusu muda: saratani ya titi ya aina hii haikui kwa siku bali kwa miezi, na kusubiri jibu la FISH kwa wiki moja au mbili hakumdhuru mgonjwa. Kinachodhuru ni wiki kugeuka miezi. Kwa hiyo msisubiri kimyakimya. Ulizeni kinyama kimepelekwa wapi, kimepelekwa lini, na nani atapokea jibu. Ulizeni pia jambo ambalo wagonjwa wachache hulifikiria: kinyama kilikaa kwenye formalini kwa muda gani. Miongozo ya kimataifa hutaka kinyama cha titi kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kutolewa, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kilichochelewa au kilichokaa muda mfupi mno kinaweza kutoa jibu la uongo, na kwa maoni yangu makosa ya aina hii ni hatari kuliko makosa ya kusoma, maana hakuna hadubini wala mtaalamu anayeweza kurudisha kilichokwisha kuharibika. Kama kinyama hakikutosha au hakikuhifadhiwa vizuri, kipimo kinaweza kurudiwa kwenye uvimbe utakaotolewa kwa upasuaji.

Na hata FISH ikirudi hasi, ile 2+ isifutwe kwenye kumbukumbu zake. Tangu mwaka 2022 kuna dawa, trastuzumabu deruksitekani, iliyothibitishwa kusaidia wagonjwa wenye HER2 kidogo ambao saratani yao imesambaa. Namwombea dada yako asiihitaji kamwe, lakini ripoti yote ihifadhiwe, na kile kipande cha nta kisitupwe.

Sasa tuje kwako, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona hofu yako imefichwa nyuma ya ya dada yako.

CA 125 ya yuniti 52 kwa mwanamke wa miaka 36, aliyetolewa damu akiwa kwenye hedhi, mwenye uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ina maelezo ya kutosha bila kuitaja saratani. Protini hii hutolewa na utando unaozunguka viungo vya tumbo na nyonga, na chochote kinachousumbua utando huo huipandisha: hedhi, ujauzito, uvimbe wa mfuko wa uzazi, endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), maambukizi ya nyonga, ini lililosinyaa. Upande wa pili, takriban nusu ya wanawake wenye saratani ya ovari katika hatua ya kwanza huwa na CA 125 ya kawaida. Kwa hiyo namba iliyo juu haikuhukumu, na ingekuwa chini isingekuachilia huru.

Fikiri hivi. Takriban mwanamke 1 kati ya 100 wenye afya huvuka kile kizingiti cha 35. Wakipimwa wanawake 10,000 wasio na dalili yoyote, takriban 100 wataondoka na karatasi kama yako, ilhali wenye saratani ya ovari kweli kati ya wote 10,000 hawazidi vidole vya mkono mmoja, na kwa umri wako ni wachache zaidi. Uingereza walilijaribu jambo hili kwa zaidi ya wanawake 200,000 waliokwisha kukoma hedhi, wakawafuatilia kwa miaka mingi, na matokeo ya mwisho yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuwapima CA 125 au ultrasaundi kila mwaka hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Wapo waliofanyiwa upasuaji na kukutwa hawana saratani. Naeleza haya yote kwa sababu sitaki uingie chumba cha upasuaji kwa ajili ya namba moja. Kuondoa ovari zote mbili ukiwa na miaka 36 hukomesha hedhi siku hiyohiyo, na mifupa na moyo vyote huguswa na ukosefu wa homoni. Ni upasuaji wenye sababu zake nzito kwa watu maalumu. Namba hii si mojawapo ya sababu hizo.

Nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, umpe karatasi hiyo pamoja na tarehe ya hedhi, ufanyiwe ultrasaundi ya nyonga kupitia ukeni, na damu irudiwe baada ya wiki kadhaa ukiwa nje ya hedhi, katika maabara ileile na kwa mashine ya aina ileile, kwa kuwa namba za maabara mbili hazilinganishwi. Ukianza kujaa tumbo kusikoisha, kushiba haraka, maumivu ya nyonga au kukojoa mara kwa mara kwa wiki kadhaa mfululizo, usisubiri miadi.

Lakini kuna swali zito zaidi ambalo barua yako imeligusa bila kuliuliza, nalo limo katika habari za mama yenu mdogo. Saratani ya ovari kwa mama mdogo, na saratani ya titi kwa dada mwenye umri chini ya miaka 50, kwenye ukoo huohuo wa upande wa mama, ni sababu ya kutosha ya kuomba ushauri wa kijeni. Jeni za BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, zikiwa na hitilafu ya kurithi huongeza sana hatari: kwa wanawake wenye hitilafu ya BRCA1, takriban 44 kati ya 100 hupata saratani ya ovari kabla ya kufika miaka 80, na kwa BRCA2 takriban 17 kati ya 100. Hatari ya saratani ya titi kwa jeni zote mbili inakaribia 70 kati ya 100.

Wa kupimwa kwanza ni dada yako, si wewe. Yeye ndiye aliyekwisha kupata ugonjwa, na kama kuna hitilafu katika ukoo, kwake ndiko kwenye uwezekano mkubwa wa kuonekana. Ikipatikana, wewe na ndugu zako wengine mtapimwa hitilafu ileile tu, kaka zenu wakiwemo, kwa kuwa nao huirithi na kuirithisha. Kila mmoja wenu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Ukikutwa huna, hofu ya ovari inaondoka kwa sababu ya kweli. Ukikutwa unayo, basi kuondoa ovari na mirija yake kutazungumzwa kwa mpango, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1 na baadaye kidogo kwa BRCA2, baada ya kukamilisha uzazi. Ona jinsi uamuzi uleule unaoutaka sasa unavyoweza kuwa kosa kwa sababu ya karatasi moja na ukawa sahihi kwa sababu ya nyingine. Dada yako pia atanufaika kwa matibabu yake: hitilafu ya BRCA inaweza kubadilisha aina ya upasuaji anaouchagua, na kwa wenye hitilafu hiyo ambao saratani yao haina HER2 na ina hatari kubwa ya kurudi, mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba dawa ya olaparibu hupunguza kurudi huko. Akikutwa hana hitilafu, bado mwombe mshauri akueleze hatari yako kwa kutazama ukoo wote, maana jeni hizi mbili si chanzo pekee.

Mkienda kwenye miadi ijayo, ingieni pamoja na kaka yenu mkubwa, naye asikae nje. Kwa kila kipimo kitakachopendekezwa, cha hospitali au cha kununua, muulizeni daktari mbele yake: jibu likirudi juu tutafanya nini, na likirudi chini tutafanya nini tofauti? Kwa FISH daktari atakuwa na majibu mawili yaliyo wazi. Kwa kurudia CA 15-3 ya dada yako sasa hivi hatakuwa na hata moja, na fedha hiyo iwekwe kwa ajili ya kipimo cha BRCA.